Takwimu za Kitui na Makueni Mfadhili Akishaondoka

Mwaka 2014 kaunti ya Kitui ilipewa nambari ambayo hakuna gavana angependa kuibeba: 46. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, ule unaojulikana kwa herufi KDHS, ulisema kwamba katika kila watoto 100 wa Kitui walio chini ya miaka mitano, 46 walikuwa wamedumaa. Kitaifa walikuwa 26. Kitui ilishika mkia wa nchi nzima ikiwa sambamba na Pokot Magharibi.

Watoto wa Kitui hawakuanza kudumaa mwaka huo. Walikuwepo miaka yote iliyotangulia, ila hakuna aliyewahesabu kwa jina la Kitui. Tangu utafiti wa kwanza wa aina hiyo mwaka 1989, majibu yalikuwa yakitolewa kwa mikoa, na Kitui ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki, mkoa ulioanzia Moyale kwenye mpaka wa Ethiopia ukashuka hadi Mtito Andei. Humo alikuwemo mfugaji wa ngamia wa Marsabit, mkulima wa kahawa wa Embu na mkulima wa ndengu wa Mutomo huko Kitui. Wastani wa mkoa huo ulikuwa kama mchuzi wa vyungu vitatu uliomiminwa katika sufuria moja: unaonja, unasikia chumvi, lakini huwezi kusema ilizidi katika chungu kipi.

Mambo mawili ndiyo yaliyotenganisha vyungu. La kwanza ni Katiba ya 2010 iliyozaa kaunti 47. La pili ni fedha. Utafiti wa 2008 na 2009 ulikuwa na sampuli ya kaya takriban 10,000 nchi nzima. Ule wa 2014 ulipanda hadi kaya 40,300 katika maeneo 1,612 ya kuhesabia, ili kila kaunti ipate jibu lake. Ukigawa, kila kaunti ilipata wastani wa kaya 860 hivi. Kaya 860 si nyingi, na 46 ile inapaswa kusomwa kama nambari yenye pointi kadhaa za mashaka kila upande, jambo ambalo wanasiasa walioitumia jukwaani hawakulitaja. Lakini bila kaya hizo hata mashaka tusingekuwa nayo.

Mzigo huo haukubebwa na Kenya peke yake. Serikali ilichangia, mashirika ya Umoja wa Mataifa yakachangia, na USAID ya Marekani ikawa mhimili, pamoja na kampuni ya Kimarekani ya ICF iliyotoa wataalamu wa kuteua sampuli na kuchambua majibu. Mapema 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mpango wa USAID uliokuwa umesaidia tafiti kama hizi katika nchi zaidi ya 90 tangu 1984 ukavunjwa. Baadaye Wakfu wa Gates ulitoa fedha za kumalizia baadhi ya tafiti zilizokwama, lakini hiyo ni kumalizia kiporo tu.

Methali yasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika takwimu zetu mgeni alikuja na jembe lake mwenyewe, akalima, na kusema kweli akalima vizuri, kisha akaondoka nalo. Ukizitazama Kitui na jirani yake Makueni kwa makini unaona ni msaada gani uliobaki shambani na ni upi uliondoka na gari la mradi.

Kanuni zinazouongoza ushirikiano huu wa kitaalamu hazikuanzia Afrika. Chimbuko lake ni kuanguka kwa ukomunisti Ulaya Mashariki. Chini ya uchumi wa mipango, ofisi ya takwimu haikuhitaji sampuli. Kila kiwanda na kila shamba la ushirika lilikuwa chini ya serikali, na kila meneja alilazimika kupeleka ripoti: tani ngapi, wafanyakazi wangapi. Kazi ya mtakwimu ilikuwa kujumlisha. Baada ya 1989 viwanda vikauzwa, vibanda na kampuni ndogo vikachipuka kila kona, na ripoti zikakoma kuja. Ofisi zikajikuta na orodha za viwanda vilivyokufa na hazina orodha ya biashara zilizozaliwa. Tena wananchi hawakuziamini, kwa kuwa kwa miongo mingi takwimu zilikuwa zikisema kilichotakiwa na chama. Wataalamu kutoka magharibi walipofika kusaidia, waligundua kwamba kompyuta na sampuli hazitoshi, sharti kwanza nambari ziondolewe mikononi mwa wakubwa. Ndipo mwaka 1992 watakwimu wa Ulaya wakaandika Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, zinazoitaka ofisi ya takwimu iamue yenyewe mbinu zake na itoe matokeo kwa wote kwa usawa. Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ilizipitisha 1994, na Baraza Kuu likazitia muhuri Januari 2014. Kwa hiyo kanuni zinazowaongoza maafisa wetu Nairobi zilizaliwa na matatizo ya nchi za Ulaya zilizokuwa zikivuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine.

Msomaji wa mji wa Wote, Makueni, anaweza kuuliza yanamhusu nini. Aulize babake kuhusu pamba. Zamani Bodi ya Pamba ndiyo iliyokuwa mnunuzi, na stakabadhi zake ndizo zilizokuwa takwimu za pamba ya Ukambani, eneo ambalo Kitui na Makueni zimo. Karani wa wilaya alijua kilo zilizouzwa kwa sababu hapakuwa na mahali pengine halali pa kuuza. Soko la pamba likafunguliwa 1991, na vizuizi vya mahindi vikaondolewa miaka michache baadaye. Serikali ikaacha kununua, na ilipoacha kununua ikaacha kujua. Leo ndengu, ambayo Kitui inaongoza kuizalisha nchini, hununuliwa na dalali shambani kwa fedha taslimu au kwa simu, ikapakiwa loriini usiku, ikaelekea Nairobi. Hakuna stakabadhi ya bodi. Tani za ndengu zinazosomwa kwenye ripoti ni makadirio ya afisa wa kilimo: ekari anazodhani zimelimwa, mara magunia anayodhani yamevunwa kwa ekari. Kenya haikuwa nchi ya kikomunisti, lakini upande huu wa takwimu ulianguka vilevile kama ulivyoanguka kwingine, kwa sababu ileile, na hakuna aliyeuundia mradi mkubwa.

Miradi mikubwa ilikwenda kwingine. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Takwimu, na iliyokuwa idara ndani ya wizara ikawa shirika lenye bodi yake, KNBS, yaani Shirika la Kitaifa la Takwimu. Benki ya Dunia ilitoa dola zaidi ya milioni 20 mwaka 2007 kulijenga, kisha 2015 ikaidhinisha dola nyingine milioni 50 kwa utaratibu tofauti: fedha zinatoka baada ya matokeo kuthibitishwa, si kabla. Ukitoa ripoti uliyoahidi na kuwafungulia watafiti data yako, unalipwa. Utaratibu huu mimi naupenda kuliko ule wa semina na magari, ingawa nao una udhaifu wake. Unalipia kinachoweza kuthibitishwa Nairobi. Hakuna aliyeandika katika masharti yake kwamba afisa wa takwimu wa kaunti ya Makueni awe na mafuta ya pikipiki.

Matunda ya kazi hiyo yapo, na mwenye haki atayataja. Matokeo ya sensa ya Agosti 2009 yalitangazwa mwisho wa Agosti 2010, mwaka mzima baadaye. Sensa ya 2019 ilianza usiku wa tarehe 24 Agosti, ikatumia vishikwambi vilivyounganishwa nchini na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta badala ya makaratasi, na matokeo ya kwanza yakatoka tarehe 4 Novemba mwaka uleule. Utafiti mkubwa wa bajeti za kaya ulifanywa 2005 na 2006, halafu nchi ikakaa miaka kumi gizani hadi 2015 na 2016. Siku hizi ripoti ya umaskini hutoka karibu kila mwaka. Orodha ya maeneo ambayo sampuli zote za nchi huteuliwa kutoka kwayo ilikuwa na maeneo 5,360 baada ya sensa ya 2009. Baada ya ile ya 2019 ina maeneo 10,000. Hayo ni mambo ya fundi, hayaandikwi magazetini, lakini ndiyo yanayofanya Kitui iweze kusomwa kama Kitui.

Lililoandikwa magazetini ni jingine. Septemba 2014, baada ya kazi ya muda mrefu iliyosaidiwa na wataalamu wa nje wakiwemo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, KNBS ilibadilisha mwaka wa msingi wa kukokotoa pato la taifa kutoka 2001 hadi 2009. Pato la 2013 likaruka kwa asilimia 25.3, na Kenya ikaingia katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Ilikuwa hesabu halali, kwa kuwa simu, benki na biashara ndogo hazikuwa zimehesabiwa ipasavyo. Lakini mbuzi wa soko la Mwingi, Kitui, hawakuongezeka hata mmoja siku ile, na kanzidata ya Nairobi ilizidi kupendeza huku afisa wa Mwingi akiendelea kukadiria. Morten Jerven wa Norway alikuwa ameandika kitabu 2013 kuhusu unyonge wa nambari za pato la taifa barani Afrika, na wakubwa wa ofisi kadhaa za takwimu wakamkasirikia. Nadhani alikuwa na haki kwa sehemu kubwa, ila alitazama zaidi juu, kwenye pato la taifa, wakati tatizo zito liko chini, pale nambari inapookotwa.

Kabla ya kufika huko chini, tuangalie kwa nini nambari hizi zimegeuka kuwa moto. Katiba inaamuru kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na mgao kati ya kaunti hufuata fomula. Fomula ya kwanza iliupa wingi wa watu uzito wa asilimia 45, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na robo nzima ikagawanywa sawa. Kwa hiyo kila kichwa kilichohesabiwa kina bei. Sasa tazama: kati ya 2009 na 2019 Wakenya waliongezeka kutoka 38,610,097 hadi 47,564,296, yaani asilimia 23. Kitui ilitoka watu 1,012,709 hadi 1,136,187, na Makueni 884,527 hadi 987,653. Zote mbili zilikua kwa asilimia 12 tu hivi, nusu ya kasi ya nchi. Pamoja zilikuwa na asilimia 4.9 ya Wakenya. Baada ya miaka kumi zikawa na 4.5.

Sehemu ya sababu ni njema, kwamba familia zimepungua ukubwa. Sehemu nyingine iko kwenye mabasi ya Nairobi na Mombasa. Sensa yetu humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mlinzi wa Kitui anayelala Embakasi, aliyejenga kwao Zombe na kusomesha watoto huko, ni mtu wa Nairobi katika hesabu. Kitui ilikuwa na wanawake 587,151 na wanaume 549,003 mwaka 2019, pengo la watu zaidi ya 38,000. Makueni pengo lilikuwa kama 8,000. Kitui ina eneo la kilomita za mraba zaidi ya 30,000 na watu 37 kwa kila kilomita. Makueni ina 121. Kituo cha afya cha Kitui kinahudumia watu wachache walio mbali sana, na barabara yake ni ndefu kwa kila mlipa kodi. Ndiyo maana mwaka 2020, kilio cha mtu mmoja, kura moja, shilingi moja kilipopanda kutoka Mlima Kenya, kaunti za Ukambani zilikuwa miongoni mwa zile zilizojiona zinapoteza, na Seneta wa Makueni wa wakati huo, Mutula Kilonzo Junior, ambaye leo ni gavana wake, akawa mmoja wa waliokaa kidete. Seneti ilikwama kikao baada ya kikao hadi Septemba. Fomula iliyotoka iliushusha wingi wa watu hadi asilimia 18 na kuongeza afya, kilimo, barabara na vigezo vingine.

Nambari ikishakuwa fedha, kila mtu anakuwa na sababu ya kuisukuma. Mwaka 2010 serikali ilikataa matokeo ya sensa ya wilaya nane za kaskazini mwa nchi, ikisema watu waliongezeka kupita uwezo wa uzazi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliyoketi Garissa ikafuta matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa baada ya viongozi wa huko kulalamika kwamba watu wao walipunguzwa. Ukambani haijafika mahakamani, lakini kishawishi kipo. Utafiti wa bajeti za kaya wa 2015 na 2016 ulisema asilimia 47.5 ya watu wa Kitui ni maskini na 34.8 ya watu wa Makueni, wakati wastani wa nchi ulikuwa 36.1. Makueni ilipaswa kusherehekea kuwa chini ya wastani. Katika fomula, hata hivyo, kila maskini aliyepungua ni hoja ya mgao iliyopungua. Kwa hiyo zile kanuni za 1992, zinazosema ofisi ya takwimu isiguswe na mwanasiasa, hazikuandikwa kwa ajili ya Moscow na Warsaw tu.

Twende chini sasa, hadi kwenye musyi, boma la Mkamba. Karani anaingia na kishikwambi akiongozwa na mzee wa kijiji. Swali la kwanza ni kaya ngapi ziko hapa. Kaya kwa tafsiri ya kitaalamu ni watu wanaomtambua mkuu mmoja na kula chungu kimoja. Musyi mmoja unaweza kuwa na jiko la mama mzee, jiko la mke wa mwana wa kwanza na jiko la mwana wa pili ambalo huwashwa likizo tu. Ni kaya moja, mbili au tatu? Jibu linategemea karani alivyofundishwa, na karani hufundishwa kwa siku chache. Si neno dogo. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake wa afya kwa wote, kaya ikilipa shilingi 500 kwa mwaka. Kwa kaya karibu 245,000 zilizohesabiwa 2019, kila kaya ikilipa unapata shilingi milioni 122. Wagawe watu haohao kwa majiko badala ya maboma, au kinyume chake, na mamilioni yanahama katika bajeti bila hata mtu mmoja kuzaliwa.

Halafu maji. Hojaji hutaka kujua chanzo kikuu cha maji ya kunywa, na vyanzo hupangwa kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani na UNICEF: vilivyoboreshwa na visivyoboreshwa. Mwanamke wa Kitui anachimba shimo katika mchanga wa mto mkavu, nyuma ya ukuta wa zege ambao kikundi cha mwethya, yaani kazi ya pamoja ya Wakamba, kilijenga kwa mikono ili kunasa mchanga na maji. Mabwawa hayo ya mchanga ni mamia kwa mamia Kitui, mengi yakiwa yamejengwa kwa msaada wa SASOL, shirika la huko lililoanza miaka ya 1990. Je, shimo lile ni mto? Ni kisima kisicholindwa? Ni bwawa? Wahandisi kutoka nje huja kusomea teknolojia hiyo, lakini katika jedwali la taifa mwanamke yule anaangukia kwenye kapu moja na anayeteka dimbwini pamoja na ng'ombe. Na jasho la mwethya haliingii popote katika pato la kaunti. Hapa ndipo mtaalamu mgeni alipohitaji kukaa zaidi ya wiki mbili.

Mwisho, mifugo. Uliza mzee wa Ukambani ana ng'ombe wangapi na utapata jibu la adabu lisilo na nambari. Wengine huona ni ushirikina. Mimi naona ni kumbukumbu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, ina ng'ombe kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Iliwahesabu, ikaweka kiwango, ikaanza kuwakamata wa ziada na kuwauza kwa bei ya kutupa, wakati huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kikihitaji ng'ombe pale Athi River. Mwaka 1938 Wakamba waliandamana kwa maelfu hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakapiga kambi, na mwishowe serikali ikasalimu amri, ingawa Muindi alihamishiwa Lamu. Watu waliohesabiwa ng'ombe kisha wakanyang'anywa wana sababu ya kumtazama karani kwa jicho la pembeni. Na nambari zile za kikoloni zilikosea hata katika utabiri wake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa 1994, walikusanya kumbukumbu na picha za angani za miaka sitini na kuonyesha kwamba wilaya iliyokuwa na watu chini ya robo milioni miaka ya 1930 ilifikisha karibu milioni 1.4 mwaka 1989 huku mmomonyoko wa udongo ukipungua, kwa sababu watu walichimba matuta. Hoja hiyo ina wapinzani. Lakini iliwezekana kujadiliwa kwa sababu kulikuwa na mfululizo wa takwimu wa miongo sita, wa wilaya moja, uliotunzwa.

Nani anautunza leo? Jedwali la Nne la Katiba lina jibu ambalo wengi hawalisomi. Serikali ya kitaifa imepewa takwimu za taifa. Kaunti, katika kipengele cha mipango na maendeleo, zimepewa takwimu za kaunti, kwa neno hilohilo. Kwa miaka zaidi ya kumi kaunti zimekuwa na jukumu hili kisheria. Kinachoonekana zaidi ni ofisi ya KNBS katika kila kaunti, yenye watumishi wachache wanaotii Nairobi, na upande wa pili idara za kaunti zinazotoa nambari za wagonjwa, wanafunzi na magunia bila mtakwimu wa kuzipatanisha. Maafisa wa kilimo walihamia kwenye kaunti 2013, na wakahama na makadirio yao. Kwa hiyo tani za ndengu katika ripoti ya taifa zinatoka kwa watu ambao shirika la taifa la takwimu haliwaajiri wala haliwafundishi. Makueni imejulikana nje ya nchi kwa kushirikisha wananchi katika ngazi sita, kutoka kijiji hadi kaunti, na kwa kuweka mikataba ya zabuni mtandaoni. Vijiji vile zaidi ya 3,000 vinavyokaa kupanga miradi vingeweza pia kuweka daftari la visima, mabwawa na wagonjwa. Kitui nayo ina Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kwa Vonza. Hakuna mfadhili anayehitajika kumpeleka mwanafunzi wa takwimu kutoka Kwa Vonza hadi Kyuso.

Kwamba inawezekana, tunao ushahidi ndani ya kaunti hizi hizi. Kila mwezi Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya Kitui na ya Makueni. Wasaidizi wake huzungukia kaya zilezile na masoko yaleyale: bei ya mbuzi kwa kulinganisha na mahindi, lita za maziwa, kilomita za kwenda majini, mzunguko wa mkono wa mtoto unaopimwa kwa utepe. Hali ya majani hutazamwa kutoka angani kwa picha za setilaiti zinazochakatwa na Chuo Kikuu cha BOKU cha Vienna, Austria. Kisha kaunti inatajwa iko wapi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kupona. Katika ukame wa misimu mitano mfululizo uliokwisha 2023, taarifa hizo ndizo zilizosomwa kwanza.

Mfumo huu ulianza Turkana miaka ya 1980 kwa fedha za wafadhili. Kuanzia 1996 ukabebwa na mradi wa Benki ya Dunia wa maeneo kame, ambao baadaye ulifika Kitui na Makueni. Mradi ulikwisha vibaya, na ukaguzi wa Benki uliotolewa 2011 ulitilia shaka matumizi yake mengi. Miradi mingi ingefia hapo. Huu haukufa, kwa sababu serikali iliuundia mamlaka mwaka uleule na sheria kamili ikafuata 2016, na kwa sababu nambari zake zilikuwa na mtumiaji wa karibu: kamishna na gavana wanaoamua lini lori la maji liondoke. Mfadhili bado yupo, setilaiti bado ni ya mgeni, lakini anayepima mkono wa mtoto ni mtu wa pale, mwezi baada ya mwezi.

Mfano mwingine wa zamani ni Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam 1961. Nacho kilisaidiwa na wageni, kikafundisha watakwimu wa nchi nyingi za kanda, na bado kinafundisha. Ukitaka kipimo cha ushirikiano wa kitaalamu, basi hicho ndicho changu: mgeni alimwacha nani akihesabu. Kwa kipimo hicho NDMA imefaulu na chuo cha Dar kimefaulu. Utafiti ulioipa Kitui ile 46 umefaulu nusu. Uliwafunza maafisa wengi wa KNBS, na ule wa 2022 ulionyesha udumavu wa kitaifa umeshuka hadi asilimia 18 na Kitui imeondoka mkiani, lakini mkoba wake ulikuwa Washington. Kazi ya takwimu za kaunti haijafaulu wala kufeli, kwa sababu haijaanza.

Lawama hiyo nawapa wawakilishi wa wadi wa Kitui na Makueni kabla sijampa mfadhili yeyote. Wao ndio wanaopitisha bajeti, na Jedwali la Nne limewapa neno hilo, takwimu, kwa herufi zake zote. Sensa ijayo ni 2029.